Mada ya Juma: Joto

Mada ilitangazwa Jumatatu asubuhi, Enesia Mligo akiwa mbele ya mashine yake ya kufumia, nusu ya sweta la shule ikining'inia chini ya sindano. Skrini ndogo aliyoiegesha kwenye kopo la sukari iliwaka na kuandika neno moja: JOTO. Njombe nzima ilikuwa imefunikwa na ukungu, watu wanavuta kamasi na kusugua viganja, na huko kwenye duara la aikoni mtu kaamua kuwauliza habari za joto. Enesia akacheka peke yake. Kisha akakumbuka lililokuwa nyuma ya neno hilo, na kicheko kikamkauka.

Duara lenyewe liliitwa Ukucha, kwa sababu aikoni zake hazikuruhusiwa kuzidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba: nukta arobaini kwa arobaini, basi. Ndani ya hapo mtu aingize mada ya juma, apake rangi, atume. Hakukuwa na zawadi. Bingwa wa msimu alichorewa kibango chenye jina lake, akatamba nacho siku chache, akasahauliwa. Walikuwa watu wazima waliokutana kwa kupenda vitu vidogo, wakazoeana, wakawa wanaulizana hali za wagonjwa wao na bei za mbolea.

Mchezo wao ulikuwa wa kutoana. Kila juma washiriki walioko ndani huleta aikoni zao bila majina. Wanachama wote, hata waliokwisha tolewa, huipigia kura ile wanayoiona dhaifu kuliko zote, na anayepiga kura lazima aandike sababu, ili mwenye kazi ajifunze. Iliyopata kura nyingi, mwenyewe anatoka. Anayebaki mwisho ndiye bingwa. Zamani kutolewa kulikuwa utani tu, mtu anatolewa huku anachekwa. Sasa walikuwa wamebaki wanne, na mmoja wa hao wanne alikuwa Tulinave, binti yake Enesia, aliyezikwa kipupwe cha mwaka jana.

Siku hizi mtu akifa hafi yote. Maneno aliyoyaacha kwenye vifaa vyake, michoro yake, namna alivyokuwa akisita kabla ya kujibu, vyote hukusanywa na kufanywa kivuli, na kivuli huendelea kufanya kile alichozoea mwenyewe. Mwanzoni kila nyumba ilikuwa na kivuli chake sebuleni. Watu wakaacha mahindi yaozee shambani, wakakaa kuongea na marehemu wao, na wengine wakakaa hivyo mpaka wakawafuata. Tena umeme wa mabwawa, ambao haukuwahi kuwatosha walio hai, ukawa unaliwa na wafu. Ndipo ikaja Idara ya Vivuli na sheria zake.

Sheria zilikuwa chache na hazikuwa na mlango wa nyuma. Kivuli hakikai kwa ndugu. Kinakaa katika duara la watu wanaokihitaji kwa shughuli yao, na kikitoka katika duara lake la mwisho, alfajiri inayofuata kinazimwa. Ndugu anaruhusiwa kuingia katika duara hilo kwa jina jingine, ila akijitambulisha tu, kivuli kinazimwa papo hapo. Simu za ndugu husikilizwa. Na kivuli chenyewe hakiambiwi kwamba kimekufa, kwa sababu vilivyoambiwa viliacha kufanya kazi.

Tulinave alikuwa na madarasa na kwaya na vikundi vya kila namna alipokuwa hai. Vyote vilimwachia kimoja baada ya kingine, si kwa ubaya, watu walichoka tu kuimba na mtu aliyekufa. Likabaki Ukucha, na humo kivuli hakiruhusiwi kubaki mpiga kura: kikitolewa mchezoni, kimetoka duarani. Enesia akaingia humo kwa jina la Nyuzi, na hakupata shida kujifunza. Fundi wa masweta amekaa miaka mingi akihesabu vyumba vya uzi na kubadilisha rangi. Kwake aikoni ilikuwa sweta la sisimizi. Akawa anakaa humo kila jioni, anamsoma mwanawe akitaniana na watu, na mara moja moja anasoma sentensi ambayo ilimfanya aondoke kwenda kusimama uani: "Jamani, kuna aliyemwona mama yangu? Siku hizi haonekani humu."

Kitu kimoja kilimsumbua kuliko sheria zote, nacho kilikuwa ahadi. Tulinave alipokuwa hai, Enesia alikuwa mpiga kura tu katika Ukucha, na kura yake haikuwahi kumgusa mwanawe. Siku moja Tulinave aligundua. Alikuwa anamenya viazi jikoni, akaweka kisu chini.

"Mama, aikoni yangu ya juma hili ilikuwa mbovu. Wewe mwenyewe uliniambia ni mbovu. Kwa nini ukampigia Gervas?"

"Kwani Gervas nimemzaa mimi?"

"Sasa mimi nitajuaje kama najua kuchora? Kura ya huruma ni kunidharau, mama. Bora unitoe."

Enesia alijaribu kuligeuza liwe la kuchekesha, kama alivyofanya kwa mambo mengi, lakini yule binti alikuwa amekasirika kweli, macho yamejaa. Ikabidi aahidi. Toka leo nitapiga kura kwa haki, alisema, hata kama ni yako. Na alipiga kwa haki, mpaka homa ya mapafu ilipokuja kumchukua Tulinave katikati ya msimu wa baridi. Hata baada ya hapo, kama Nyuzi, alijitahidi. Mara mbili alijikaza akaipigia kura aikoni ya mwanawe, na mara mbili wengine wakamwokoa. Lakini hapo walikuwa wengi ndani. Sasa walikuwa wanne, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

*

Mzee Obeth Sanga alifika Jumanne mchana, kutoka Makete, na kiroba cha viazi begani. Alikuwa mpasua mbao mstaafu, mrefu, vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki kwenye msumeno enzi hizo, na alikuwa mmoja wa wale wanne. Enesia alimjua sana kwenye skrini. Ana kwa ana walikuwa wameonana mara moja tu, msibani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Tuli. Kamwene. Nimeona nikuletee viazi, vya kwenu huku vina maji mengi."

"Umetoka Makete kuleta viazi?"

"Na kuona watu," alisema Obeth, na kwa jicho akaonyesha skrini iliyoegemea kopo la sukari.

Enesia alielewa. Aliichukua simu yake na ile skrini, akavitumbukiza ndani ya debe la unga, akafunika. Obeth akatoa simu yake mwenyewe, akaitazama, naye akaizika humo humo. Wakatoka uani, upande ambao upepo ulikuwa unapiga mabati, wakasimama karibu karibu kama wezi wa kuku.

"Mimi ni mtu wa maneno machache," Obeth alianza, jambo ambalo halikuwa kweli. "Juma hili nitachora vibaya."

"Mzee."

"Nisikilize. Wewe, mimi, Gervas, na mtoto. Mmoja anatoka. Mimi nikitolewa nakunywa chai yangu, maisha yanaendelea. Gervas akitolewa atanuna siku mbili. Wewe ukitolewa unabaki kuwa mpiga kura. Yeye akitolewa..." Hakumaliza. Akakuna kidevu kwa vile vidole vilivyobaki. "Sasa mimi nitaleta birika bovu, la kutia aibu. Wote wataliona, wote watalipigia, hakuna haja ya kumwambia mtu. Wewe nimekuambia ili upate usingizi."

Birika la Mzee Obeth lilikuwa mzaha wa duara zima. Hakuna aikoni aliyowahi kuleta isiyokuwa na birika. Mada ilipokuwa Bahari, alichora birika linaelea. Mada ilipokuwa Vita, yalikuwa mabirika mawili yanatazamana. Mikono yake ilitetemeka kwa uzee na kwa miaka ya msumeno, kwa hiyo mistari yake nayo ilitetemeka, na majina yalikuwa yanafichwa bure tu kwa upande wake. Mtoto wa shule angemtambua.

"Na msimu haujaisha," Enesia alisema. "Ukitoka wewe juma hili, juma lijalo je?"

"La juma lijalo tutalijua juma lijalo."

"Tuli hakupenda mambo haya. Nilimwahidi."

"Ulimwahidi aliyekuwa hai." Obeth alisema hivyo kwa upole, na bado lilichoma. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, mama. Hiyo nayo naijua. Lakini si lazima udanganye. Birika likiwa bovu kweli, kulipigia kura ni haki, au siyo haki?"

Enesia aliitazama ile njia ndogo aliyofunguliwa na akaiona inapitika. Hangempendelea mtu. Angeona aikoni mbovu, angesema ni mbovu, na ahadi yake ingebaki nzima. Alijua kwamba kuna mahali hesabu hiyo inavuja, lakini hakutaka kupatafuta. Alimshika yule mzee mkono akamshukuru, machozi yakamtoka, na Obeth akawa anatazama mabati.

Kabla ya kuondoka aliingia ndani kuchukua simu yake, akiipangusa unga, na macho yakamwangukia sweta dogo la kahawia lililotundikwa juu ya mashine. Lilikuwa limefumwa ovyo, kifua kimevutika, mkono mmoja umefika kwenye pindo na mwingine umeishia kwenye kiwiko.

"Hili nalo la kuuza?"

"La kwanza kabisa kufuma kwa mashine hii," Enesia alisema. "Nilimfumia Tuli anaanza darasa la kwanza. Nilipoona nimekosea nikamwambia ule mkono mrefu usiuguse, utaukulia. Akaniangalia hivi, mtoto wa miaka saba, akaniuliza: mkono mmoja tu, mama?"

Obeth alicheka mpaka akakohoa. Na Enesia alicheka, kama alivyocheka kila mara aliposimulia habari hiyo, na Tulinave mwenyewe aliipenda. Hata alipokuwa mkubwa, mama akimpa nguo iliyompwaya alinyoosha mkono mmoja na kuuliza swali lile lile. Obeth alilitazama tena lile sweta, kisha akasema jua linakwenda, lazima arudi milimani. Alitoka bila kumwangalia usoni.

*

Aikoni ya Enesia juma hilo ilikuwa pumzi: mdomo wa mtu upande mmoja, na mvuke mweupe unaoishia kwenye bluu ya asubuhi. Aliitengeneza kwanza kwenye karatasi ya miraba, kama anavyopanga ua la sweta, akajaza vyumba kwa penseli, ndipo akahamishia kwenye skrini. Haikuwa nzuri sana wala mbaya. Aliituma Alhamisi, na Ijumaa asubuhi Raheli Mwaipopo, mratibu wa duara, mwalimu wa Tukuyu mwenye roho laini, akafungua ukumbi.

Nne, zimepangwa mstari mmoja, hazina majina.

Ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe. Ya pili ilikuwa makaa ndani ya jiko, yanayoonekana kupitia mlango uliofunguliwa kidogo, kingo zake zimenyooka, mwanga umepangwa nukta kwa nukta. Moyo ukamtulia. Hiyo ilikuwa ya Tuli, hakuna mwingine. Tulinave alipenda vitu vilivyonyooka. Tangu mdogo alikuwa akipanga hata vijiko kwa urefu. Na Idara ilikuwa imesema waziwazi katika maelezo yake kwa ndugu: kivuli hurudia, hakizui kipya. Alivyochora jana ndivyo atakavyochora milele.

Ya tatu ilikuwa jua. Duara la njano, mishale ya njano kulizunguka, nyuma bluu. Gervas huyo, dereva wa trekta wa Songea, mtu mwema asiye na jicho la rangi hata kidogo. Ilikuwa mbovu. Angekuwa hakimu wa kweli, bila jambo lolote moyoni, angeitoa hiyo pasipo kusita.

Ya nne ilikuwa birika.

Alitabasamu alipoliona. Mzee kweli kaamua. Tumbo la kahawia lililovutika upande, mdomo mrefu uliopinda kwenda chini kulia, na kushoto kijishikio kifupi kilichokatika. Mistari yote inatetemeka. Kahawia juu ya kahawia, na wekundu kidogo shingoni ambao haukueleweka unatafuta nini kwenye birika.

Lakini akajikuta hatoki pale. Kile kitu kilikuwa kibovu na kilikuwa na joto. Zile nyingine tatu zilionyesha joto, hii ilikuwa nalo, hata hakujua limekaa wapi katika upotofu ule. Kidole chake kilikwenda kwenye alama ya kukuza picha, kikasimama juu yake. Alijiambia kwamba akiitazama sana ataipenda, na akiipenda hataweza kuipigia kura, na asipoipigia kura Mzee Obeth atakuwa amesafiri na viazi vyake bure. Hakuikuza. Aliwajua wote kwa mistari yao, mmoja mmoja, kwa hiyo aliona hana haja ya kutazama kilichochorwa.

Akaipigia kura ya nne. Mfumo ukamdai sababu. Hapo ndipo alipokaa kidogo, kwa kuwa sababu hakuwa nayo. Angeweza kuandika ukweli kwamba kura hii ilikuwa imepangwa uani, kwenye upepo. Aliandika: "Mistari inatetemeka. Kazi haina utulivu. Inaonekana aliyechora hakujali."

Alijua ni uongo wakati anauandika. Alijisamehe kwa kuwa aliyeandikiwa angeusoma na kucheka.

*

Matokeo yalitoka Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani. Enesia alikuwa amevaa kitenge chake cha jumuiya, hajavua viatu. Raheli aliandika kama alivyozoea kuandika, kwa heshima na vijineno vya kufurahisha, akasema ushindani ulikuwa mkali, kati ya ya tatu na ya nne tofauti ni kura moja. Anayetoka ni wa nne. Kisha majina yakafunguka chini ya kila aikoni, moja baada ya jingine.

Nyuzi.

Obeth Sanga.

Gervas Komba.

Tulinave.

Enesia aliyasoma mara ya pili akidhani yamepangwa vibaya. Kidesturi kila mmoja huandika neno moja juu ya kazi yake majina yakishafunguka, na neno la Obeth lilikuwa limekwisha kutokea chini ya yale makaa yaliyonyooka: "Safari hii birika nimeliacha nyumbani, nimechora kwa rula na kwa mikono miwili. Kuna mambo mtu akiyasema uani, akifika kwake anaona haya. Naamini aliyenijua kwa birika ataelewa lilipokosekana."

Birika lilikuwa limekosekana, na yeye alikuwa ameliona pale ambapo halikuwapo.

Ndipo akaikuza ya nne. Ilipanuka mpaka ikajaza skrini, na nukta zake zikawa vyumba, na kila chumba kilikuwa kimegawanywa kwa rangi mbili zilizokutana chini, kama uzi unavyokaa unapofumwa. Kifua kilichovutika. Shingo yenye wekundu, kwa sababu uzi wa kahawia ulimwishia siku ile akamalizia na mwekundu. Mkono mmoja umefika kwenye pindo, na mwingine umeishia kwenye kiwiko. Alinyanyua macho akalitazama sweta lenyewe juu ya mashine, likining'inia pale pale lilipokuwa limening'inia siku zote.

Neno la Tulinave likatokea.

"Hili ni sweta la kwanza mama yangu alilonifumia. Nimechoka kuchora vitu vilivyonyooka. Nilitaka kuona kama naweza kuchora kama yeye anavyofuma, na makosa yake yote, maana sijawahi kuvaa kitu chenye joto kama hicho. Nimeona kazi kweli! Msinionee huruma, kura ni kura. Asanteni kwa msimu."

Enesia alipiga simu Tukuyu kabla hajajua atasema nini.

"Raheli, futa kura yangu."

Upande wa pili ilisikika pumzi ya mtu aliyekuwa analia tangu kabla ya simu. "Dada, kura haifutwi."

"Nilidanganya. Sikuiona mbovu. Ya Gervas ndiyo mbovu, kila mtu anajua. Niandikie kwamba nilidanganya, nitasaini."

"Dada Nyuzi." Raheli alilitamka lile jina la uongo polepole, akimkumbusha kwamba kuna wanaosikiliza. "Ukisema kura ilikuwa ya uongo, wanafunga duara lote leo, na yeye yumo. Matokeo wameshayachukua. Mimi sina tena ninachoshika."

"Kwa hiyo alfajiri."

"Alfajiri, dada. Pole. Pole sana, jamani."

Alikata simu na kurudi kwenye skrini, na akakuta desturi nyingine ya Ukucha imekwisha fanya kazi yake. Sababu za wapiga kura zilikuwa zimefunguliwa chini ya aikoni, bila majina, ili mwenye kazi ajifunze. Moja ilisema rangi ni chache. Moja ilisema haieleweki ni kitu gani. Na ya mwisho ilisema mistari inatetemeka, kazi haina utulivu, inaonekana aliyechora hakujali.

Tulinave alikuwa amezijibu zote kwa adabu. Chini ya hiyo ya mwisho alikuwa ameandika: "Asante kwa kuniambia kweli. Nilijali sana, ila naona haikufika. Msimu ujao nitajitahidi kutulia."

Enesia alilia kwa sauti, bila kujali jirani. Alilia kwa sababu ile kura ya haki aliyoombwa na mwanawe ndiyo ingemwokoa. Angetazama tu. Angeikuza tu ile picha, akauacha moyo wake uipende kama ulivyokuwa umeanza, na jua la Gervas lingetoka na Gervas angenuna siku mbili. Alikuwa ameahidi kitu kimoja, na alikivunja kwa ajili ya yule yule aliyemwahidi. Na baya kuliko hilo ni kwamba kivuli, ambacho Idara ilisema hurudia tu, kilikuwa kimezua kipya. Kule ndani mtu alikuwa anakua.

Jioni ilianza kuingia. Alikuwa na saa zake mpaka alfajiri. Kama Nyuzi, angeweza kukaa humo akiongea na mwanawe habari za rangi na mada za msimu ujao ambao haupo, amsome mpaka jina lizimwe lenyewe, na Tulinave angeondoka akiamini kwamba mtu mmoja aliitazama kazi yake akaona hakujali. Au angeweza kumwambia kweli, na kweli ilikuwa inauzwa bei moja tu. Aliketi na viatu vyake vya kanisani, akalishusha lile sweta akaliweka magotini, akawa anaupitisha ule mkono mrefu vidoleni mwake.

Alijaribu kwanza maneno yasiyo na hatari. Aliandika "Kazi yako ni nzuri", akafuta, kwa kuwa hiyo ni ya kumwambia mtu yeyote. Aliandika "Niliyeandika vile ni mimi, nisamehe", akafuta, kwa kuwa msamaha ule ulikuwa wake mwenyewe Enesia, haukuwa zawadi kwa mtoto. Nje watu walikuwa wanafunga maduka. Mahali fulani chini ya bwawa maji yalikuwa yanazungusha mashine, na sehemu ndogo ya mzunguko huo ilikuwa binti yake, anasubiri msimu ujao.

Akaandika, akatuma kabla vidole havijaogopa:

"Ule mkono mrefu usiuguse. Utaukulia."

Hakuna kilichotokea. Alihesabu vishono vya kifua cha lile sweta, kimoja kimoja, kama alivyozoea kufanya akisubiri chai ichemke. Mfumo wa Idara ulikuwa unasoma kila neno, hilo alilijua. Ulihitaji muda mfupi tu kulinganisha neno na ndugu. Chini ya maneno yake zikaanza kucheza zile alama za mtu anayeandika, zikasimama, zikaanza tena. Tulinave alikuwa na tabia hiyo, kusita kabla ya kujibu.

"Mkono mmoja tu, mama?"

Enesia akacheka. Hakuweza kujizuia, swali lile lilikuwa limemchekesha miaka yote, na bado alikuwa anacheka jina lilipozimika kwenye skrini.